Karanga ya Kwanza Iingie Lini?

Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi wenye historia ya mzio katika familia wasiwape watoto karanga mpaka watimize miaka 3. Uingereza ilikuwa imetoa ushauri unaokaribiana na huo mwaka 1998. Haukupita muda mrefu ushauri wote ukaondolewa: Marekani mwaka 2008, Uingereza mwaka 2009. Leo watoto walewale waliokuwa wakinyimwa ndio wanaohimizwa kupewa mapema. Ni mara chache utabibu hugeuza shingo kiasi hicho, na maelezo ya mgeuko huo yamo ndani ya utumbo, katika kundi la seli za kinga ambazo kazi yake ni kuzizuia seli nyingine za kinga zisipigane.

Nimewakutanisha hapa watu wanne. Ni sauti nilizozitunga ili hoja zipate wasemaji. Tafiti na tarakimu wanazozitaja ni za kweli. Yupo Mtafiti, mwanamke aliyebobea katika elimu ya kinga ya mwili. Yupo Sista, muuguzi wa siku nyingi katika kliniki ya mama na mtoto mkoani Dodoma. Yupo Mwalimu, anayefundisha baiolojia sekondari na asiyekubali jambo kirahisi. Na yupo Mama, Mtanzania anayeishi London, mwenye mtoto mmoja mwenye mzio wa karanga na mwingine wa miezi mitano.

Mama: Shikamoo, Sista.

Sista: Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?

Mama: Hawajambo, ila ndio walionileta hapa. Mimi nimekulia Kondoa. Uji wetu ulikuwa wa ulezi na karanga, mchicha tukiuunga kwa karanga, na sikumjua mtu hata mmoja aliyekatazwa kuzila. Mwanangu wa kwanza nimemzaa London. Alipokuwa na miezi mitatu tu, mashavu na mikunjo ya mikono ilijaa ukurutu, huu tunaouita pumu ya ngozi. Nikaogopa, nikamnyima karanga kabisa. Alipokaribia miaka miwili mtu akampa biskuti yenye karanga. Midomo ikavimba, akatapika, akaanza kuhema kwa shida, tukamkimbiza hospitali. Sasa na huyu mdogo ngozi imeanza, na naambiwa safari hii nisimnyime. Kilichomdhuru kaka yake ndicho nimlishe yeye?

Mtafiti: Swali lako ni zito, dada, na haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Tuanze na kilichompata mkubwa. Mwaka 1921 katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, alikuwepo daktari aitwaye Heinz Küstner ambaye hakuweza kula samaki aliyepikwa. Mwenzake Carl Prausnitz alikuwa akila samaki bila tabu yoyote. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya Küstner, akachomwa chini ya ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Kesho yake akachomwa maji yaliyotolewa kwenye samaki, palepale. Ngozi ikavimba na kuwasha mahali hapo. Maana yake mzio wa Küstner ulikuwa umebebwa na kitu kilichomo kwenye damu, kitu kinachoweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Mwaka 1966 Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wakifanya kazi Denver, walikitambua: kingamwili inayoitwa leo IgE. Hiyo hujishikiza juu ya seli za masti zilizoko kwenye ngozi, mapafu na utumbo. Protini ya karanga ikizigusa IgE hizo, seli za masti humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Midomo kuvimba, kutapika, pumzi kubana: yote uliyoyaona ni kazi ya kemikali hizo.

Mwalimu: Hapo sina ubishi, Daktari. Ninachouliza ni kwa nini sisi wengine hatudhuriki. Samaki ni protini ngeni mwilini, maharage ni mageni, karanga ni ngeni. Kinga kazi yake ni kupambana na kigeni. Kwa hiyo usinieleze mtoto mmoja aliyevimba. Nieleze mamilioni wanaokula wakashiba wakalala.

Mwalimu ameuliza swali ambalo kwa muda mrefu lilijibiwa kwa kulikwepa. Ilidhaniwa kwamba chakula hupita salama kwa sababu tumbo hukisaga chote kikaisha, kinga isipate cha kukiona. Sivyo.

Mtafiti: Kati ya chakula kilichomo kwenye utumbo mwembamba na tishu za mwili wako kuna safu moja tu ya seli. Protini nyingi husagwa kabla ya kuifikia, ila zipo zinazonusurika. Ara h 2, protini mojawapo ya karanga, imekazwa kwa vifungo vya salfa kiasi kwamba vimeng'enya vya tumbo haviivunji kwa urahisi. Vipande vyake hupenya. Upande wa pili wa ukuta vinapokelewa na seli za dendriti, ambazo hukichukua kipande, hutoka utumboni, na kusafiri kwa njia ya limfu hadi kwenye tezi zilizomo katika utando unaoyashikilia matumbo. Huko hukionyesha kipande kwa seli T changa, ambayo bado haijapewa kazi. Seli hiyo ingeweza kuwa ya vita. Lakini seli ya dendriti iliyotoka utumboni huja na vitu viwili: asidi ya retinoiki, ambayo huitengeneza yenyewe kutokana na vitamini A, na ishara ya kemikali iitwayo TGF-beta. Seli T changa ikipokea vyote viwili, huwasha jeni ya FOXP3, na kuanzia hapo inakuwa seli T ya udhibiti. Asidi ileile huipa alama za kuirudisha utumboni. Ikifika, seli nyingine za ukutani, makrofaji, huitunza kwa kutoa ishara iitwayo interlukini-10, nayo inazaliana. Kutoka hapo huzituliza seli T zinazochochea mzio, na hata seli za masti zenyewe.

Mwalimu: Kumbe ni wazee wa baraza. Vijana wakishika marungu, wao wanawaambia wakae chini.

Mtafiti: Karibu hivyo, ila mzee wa baraza hutuliza ugomvi wowote unaoletwa mbele yake. Seli hizi hazianzi kazi kwa jumla namna hiyo. Kila moja huamshwa na kipande kimoja maalumu. Iliyofunzwa kwa yai haishtuki kwa karanga.

Sista: Hiyo vitamini A, ni ileile tunayowadondoshea watoto kila baada ya miezi sita?

Mtafiti: Ni ileile, Sista. Ila usije ukawaambia kina mama kwamba matone yale yanazuia mzio, kwa sababu hakuna aliyelithibitisha hilo. Matone yana kazi yake, kulinda macho na uhai wa mtoto, na kazi hiyo inatosha.

Mwalimu: Tumejuaje kwamba seli hizi ndizo zenye kazi hiyo? Pengine ni hadithi nzuri ya maabara.

Mtafiti: Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya FOXP3, karibu wote wa kiume. Seli zao T za udhibiti hazifanyi kazi. Katika miezi ya mwanzo huharisha bila kukoma, hupata kisukari, ngozi hujaa ukurutu, na wengi wao hupata mzio mkali wa chakula. Uhusiano kati ya jeni hiyo na ugonjwa huo ulibainishwa mwaka 2001, na miongoni mwa waliobainisha ni Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Kabla yao, mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alikuwa ameonyesha kuwapo kwa seli zenyewe, wakati ambao wanasayansi wengi hawakutaka hata kusikia habari zake. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025. Kisha kuna jaribio la mwaka 2016 ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi kwa swali la Mama. Panya walilelewa kwa lishe isiyo na protini kamili hata kidogo, ila chembe ndogo za asidi za amino. Bakteria wa utumbo wao walikuwapo. Hata hivyo katika utumbo mwembamba walikosa sehemu kubwa ya seli T za udhibiti, na ilikuwa rahisi kuwapatisha mzio wa chakula. Walikosa chakula cha kuwafunza.

Mama: Kwa hiyo nilipomnyima karanga, nililinyima tumbo lake somo.

Mtafiti: Uliogopa, kama mzazi yeyote angeogopa. Lakini kuna upande wa pili. Wakati mdomo wake haujaonja karanga, ngozi yake huenda ilikuwa imeshakutana nazo. Vumbi la karanga hukaa kwenye makochi, vitandani, mikononi mwa watu wanaokula nyumbani. Ngozi yenye ukurutu imepasuka, na protini ikiingia kupitia ngozi iliyowashwa, seli za pale haziji na asidi ya retinoiki ya kutuliza. Zinaamsha njia ya IgE. Mwaka 2003 Gideon Lack na wenzake, hapohapo Uingereza, walionyesha uhusiano kati ya mzio wa karanga na kupaka watoto wenye vipele krimu zilizokuwa na mafuta ya karanga.

Hapa kuna mashindano. Ngozi na utumbo vinashindania nani aitambulishe karanga kwa kinga kwanza, na mtoto mwenye pumu ya ngozi ambaye amenyimwa karanga ameachiwa ngozi peke yake. Kundi hilo la Lack lililinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israel, ambako watoto wachanga hupewa vitafunwa vya karanga mapema. Mwaka 2008 walitoa matokeo: asilimia 1.85 ya watoto wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga, Israel asilimia 0.17. Asili moja, malezi ya mlo tofauti.

Mtafiti: Kulinganisha nchi mbili hakutoshi, ndipo wakafanya jaribio lenyewe London. Walichukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye ukurutu mkali, mzio wa yai, au vyote viwili. Nusu walikatazwa karanga mpaka umri wa miaka 5. Nusu walilishwa angalau gramu 6 za protini ya karanga kila wiki, zikigawanywa katika milo mitatu au zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: mzio uliwapata asilimia 17.2 ya walionyimwa na asilimia 3.2 ya waliolishwa. Walipofuatiliwa hadi kubalehe, na wengi wao walikuwa wakila karanga wanapojisikia tu, tofauti ilibaki: asilimia 15.4 kwa 4.4. Ila zingatia, dada: watoto ambao ngozi yao ilivimba sana kwenye kipimo cha mwanzo hawakuingizwa kwenye jaribio. Mwanao mdogo ana ukurutu na kaka yake ana mzio. Apimwe kwanza, na mlo wa kwanza, daktari akiruhusu, upewe mahali ambapo msaada upo.

Mwalimu: Nimeyakubali ya London. Sasa turudi nyumbani, maana naona tunaikimbia hoja kubwa. Mtoto wa Kondoa na mtoto wa London wote wana ngozi, wote wana utumbo. Mmoja amecheza na udongo, ana minyoo, kakunywa maji ya kisima. Mwingine kaoshwa na kusuguliwa toka azaliwe. Nchini Gabon watafiti waliona kwamba watoto wa shule wenye kichocho walikuwa na mwitikio mdogo wa mzio wa vumbi la nyumbani, na damu yao ilitoa interlukini-10 kwa wingi. Walipotibiwa, mwitikio ukapanda. Entebbe, wajawazito zaidi ya 2,500 waliingizwa kwenye utafiti wa dawa za minyoo, na watoto wa mama waliopewa albendazoli wakapata ukurutu zaidi. Mnyoo huishi mwilini kwa kuzichochea hizohizo seli za udhibiti. Afrika Kusini wamelipima jambo lenyewe kwa kuwalisha watoto wa mwaka 1 hadi 3 chini ya uangalizi: Cape Town asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula, vijiji vya Eastern Cape asilimia 0.5. Tumeufukuza umaskini wa mwili tukafukuza na walinzi wake.

Sista: Mwalimu, umewahi kumwona mtoto wa miaka minane anayekojoa damu?

Mwalimu: Sijasema tuwaache na kichocho, Sista.

Sista: Hujasema, lakini ukisema hivyo mbele ya kina mama, dawa za minyoo zitabaki kwenye makopo. Mimi nimemshika mtoto mwenye viganja vyeupe kwa kukosa damu, minyoo imemnyonya. Usimsifu mnyoo mbele yangu.

Mtafiti: Data za Mwalimu ni sahihi, na hitimisho ndilo linalohitaji tahadhari. Wadenmark waliwapa watu wenye mafua ya mzio mayai ya mnyoo wa nguruwe, wakachapisha mwaka 2010: hakukuwa na nafuu. Kuhusu bakteria wa utumbo nitakuunga mkono zaidi. Maabara ya Cathryn Nagler huko Chicago ilichukua vinyesi vya watoto wachanga wazima na vya watoto wenye mzio wa maziwa, ikawapandikizia panya waliozaliwa bila bakteria yoyote. Waliopokea vya watoto wazima walikingwa. Waliopokea vya wenye mzio walipata mshtuko walipopewa maziwa. Hilo lilichapishwa mwaka 2019. Bakteria wa jamii ya Klostridia huchachusha nyuzinyuzi za vyakula, hutoa butireti, na butireti husaidia seli T za udhibiti kuongezeka. Kwa hiyo ugali wa dona, mtama, maharage na mboga za majani vina nafasi yao. Lakini wale panya wa mwaka 2016 walikuwa na bakteria, na bado walipata mzio kwa kukosa chakula chenyewe. Bakteria hutayarisha mahali. Somo la karanga linatolewa na karanga.

Mwalimu: Na Ghana je? Watoto wenye IgE ya karanga kwenye damu wasio na mzio wowote?

Mtafiti: Hilo ni muhimu hasa kwa madaktari wetu. Wengi wa watoto wale, IgE yao ilikuwa ikishika sukari fulani zilizomo kwenye karanga, ambazo minyoo ya kichocho nayo inazo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mnyoo. Ndiyo maana huku kwetu kipimo cha damu peke yake kisimfanye mtu amkataze mtoto chakula maisha yake yote.

Mwalimu amenishawishi kwa nusu. Tofauti ya Cape Town na kijijini ni ya kweli, na haielezwi na karanga peke yake. Lakini tunachoweza kumpa mzazi leo, kwa mkono, chenye ushahidi wa jaribio, ni mlo. Udongo na minyoo haviandikwi kwenye karatasi ya daktari.

Sista: Sasa nisikilizeni na mimi, kwa sababu hotuba hii ikifika kijijini bila maneno yangu itaua. Mmesema karanga mapema. Karanga gani? Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, 20 wakafa. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Kuvu yuleyule hukaa kwenye karanga, na ukikaanga sumu haiishi. Mtoto mdogo ndiye anayeumia kwanza. Jambo la pili: mtu akisikia miezi minne ataacha kunyonyesha maziwa ya mama peke yake. Kwetu ni miezi sita, na jaribio lenu lilipokea watoto mpaka wa miezi 11, kwa hiyo miezi sita hatujachelewa. Jambo la tatu, karanga nzima ni ya kumpalia mtoto. Chini ya miaka mitano sitaki kuiona mkononi mwake.

Mama: Basi wewe unafanyaje kliniki?

Sista: Namwambia mama amwage karanga kwenye ungo, mchana, penye mwanga. Iliyonyauka, iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye unga wa kijani au ladha chungu, zote nje, na kuku asipewe pia. Zilizobaki azikaange, azimenye maganda, azitwange mpaka zitoe mafuta. Siku ya kwanza achukue ncha ya kijiko, aikoroge kwenye uji wa vuguvugu usio na kitu kingine kipya, ampe mtoto asubuhi, siyo usiku, na akiwa mzima bila homa. Akae naye. Ngozi ikitoka vipele, mdomo ukivimba, akitapika au kukohoa mfululizo, aache mara moja na kuja kituoni. Akipita salama, aongeze kidogokidogo hadi vijiko viwili vya chai, mara tatu kwa wiki, na asiache. Mama wengi wa hapa wamekuwa wakifanya hivyo kwa uji wa lishe muda mrefu kabla ya London.

Mama: Na mkubwa wangu? Amekwisha?

Mtafiti: Hajakwisha. Kuna tiba ya kumlisha kiasi kidogo mno na kukiongeza kwa miezi, hospitalini, ambayo Marekani iliiidhinisha kama dawa ya karanga mwaka 2020. Kuna omalizumabu, sindano inayoikamata IgE, iliyoidhinishwa huko kwa mzio wa chakula Februari 2024. Zinampa nafasi ya usalama akikosea chakula. Hazimfanyi awe huru kula. Kwa sasa aepuke karanga, na adrenalini iwe mfukoni mwa mtu aliye naye kila saa.

Sista: Sisi huku ipo ya ampuli, hospitalini. Mtoto akipata mshtuko kijijini, ni pikipiki na sala.

Maneno hayo ya Sista ndiyo yaliyonifanya niandike. Miji yetu inakua, watoto wengi wanalelewa kwenye nyumba zilizofungwa na vyakula vya paketi, na mzio huenda ukatufikia kwa kiwango cha Cape Town. Nawaomba wanaopanga huduma za mama na mtoto wafanye mambo mawili: adrenalini na mtu anayejua kuichoma kwenye msuli wa paja wawepo katika kila zahanati, na unga wa lishe wenye karanga upimwe sumukuvu kabla haujafika sokoni. Na wewe mzazi, mtoto wako akiwa na ukurutu mkali, au amewahi kuvimba baada ya kula chochote, usimjaribie karanga nyumbani. Mpeleke akapimwe kwanza.